SOMO LA USHANGA: BEI YA KAZI NA GHARAMA YA SAFARI

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa vikundi vya kujifunza vya vyama ambavyo wanachama wake, mbali na kilimo na ufugaji, hujipatia riziki kwa kazi za mikono. Limechagua ushanga kwa sababu katika Wilaya za Handeni na Korogwe kazi hiyo imo mikononi mwa akina mama, na fedha zake ndizo zinazonunua daftari, dawa na chumvi wakati mahindi yamekwisha ghalani. Baada ya somo, kila mwanachama aweze kueleza ushanga unavyotengenezwa, kukadiria thamani ya saa zake za kazi, na kutenganisha gharama ya biashara na gharama ya nyumba. Katibu au kiongozi wa kikundi asome kila sehemu kwa sauti, kisha awape wanachama nafasi ya kujadili kabla ya kuendelea.

1. Ushanga ulivyofika kwetu

Ushanga si mgeni katika bonde la Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta shanga za kioo katika makazi ya zamani ya bonde hilo, mbali na bahari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai ilifuata njia hiyo, ikibeba nguo, waya na shanga. Nyingi za shanga hizo zilitengenezwa Venisi, Bohemia na Bara Hindi.

Mwingereza Richard Burton, aliyepanda kutoka Pangani hadi Vuga kwa Kimweri mwezi wa Februari, 1857, aliandika baadaye kwamba katika biashara ya Unguja palikuwa na aina za shanga zipatazo 400, na kila aina ilikuwa na jina lake, bei yake na mahali ilipopendwa. Mfanyabiashara aliyechukua nyekundu ya sami-sami mahali palipotakiwa nyeupe aliweza kukosa hata chakula cha wapagazi wake. Hilo ni funzo la kwanza: ushanga hauna bei peke yake. Bei yake hutoka kwa mnunuzi, kwa rangi na kwa wakati.

Leo shanga ndogo za kioo zitumiwazo na mafundi wetu bado nyingi hutoka ng'ambo. Wanawake wa pwani huzitunga utunda wa kiunoni. Wanawake wa Kimaasai na Kiparakuyo, ambao jamii zao zimeishi Handeni pamoja na Wazigua kwa vizazi vingi, huzitunga bangili, hereni na mikufu mipana ya duara. Kwa hiyo fundi wetu hununua malighafi iliyokwisha kulipiwa nauli ndefu, na kile anachokiongeza yeye ni mpango wa rangi, mkono na subira. Asipolipwa kwa vitu hivyo vitatu, hakulipwa chochote.

2. Kioo kinavyogeuka ushanga

Zipo njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuvuta kioo kilichoyeyuka kikawa mrija mrefu mwembamba, kisha kuukata vipande vidogo na kuvipasha moto ili ncha zilainike. Shanga ndogo za kutunga hutengenezwa hivyo. Ya pili ni kuzungushia kioo cha moto juu ya kijiti cha chuma, ushanga mmoja baada ya mwingine.

Njia ya tatu ni ya Wakrobo wa Ghana, nayo inafaa kusikilizwa na watu wa Handeni, nchi ya mihogo. Wakrobo huponda chupa kuukuu zikawa unga, wakaumimina katika vikalibu vya udongo vilivyopakwa udongo mweupe usiogandamana na kioo. Katikati ya kila shimo husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Vikalibu vikiingia tanuri, unga hushikamana na kikonyo huungua, kikaacha tundu la kupitisha uzi.

Afrika Mashariki nako kioo kilichotumika huyeyushwa upya. Warsha iliyoasisiwa na Nani Croze huko Kitengela, Kenya, ni mfano mmoja. Mwingine ni Shanga ya Arusha, iliyoanza mwaka 2007, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza shanga na vyombo kutokana na chupa.

Chama kitakachotamani kujaribu kiyajue mapema masharti ya kazi. Chupa za aina mbalimbali zisichanganywe ovyo, kwa maana kila kioo hutanuka na kunywea kwa kadiri yake, na ushanga wa mchanganyiko huweza kupasuka baada ya kupoa. Ushanga upoe polepole, usitolewe tanurini na kuachwa katika upepo. Chupa ziloweshwe wakati wa kupondwa na mpondaji afunike pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la kioo hudhuru mapafu. Tena kuni za tanuri ni gharama, hata kama zimeokotwa.

3. Safari ya familia

Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni, yenye urefu wa kilomita 65 hivi, na ile inayoendelea hadi Mkata, zimebadili maisha ya mafundi. Zamani safari ya kwenda Korogwe wakati wa masika iliweza kula siku nzima. Siku hizi fundi hupanda gari asubuhi, akafika Korogwe kabla ya jua kali, na akipenda huendelea hadi Mombo, yanakopita mabasi ya Moshi na Arusha, na ambako wageni wa Lushoto huacha barabara kuu.

Kwa urahisi huo familia nyingi husafiri pamoja. Mama hubeba mzigo, baba husindikiza, binti husaidia kuuza, na mtoto mdogo hubebwa mgongoni. Njiani husalimiwa shangazi, hupelekwa pole ya msiba, hununuliwa sabuni. Safari hizi zina heri yake. Binti hujifunza rangi zipi zinapendwa, na mama huwajua wateja wake kwa nyuso. Lakini heri hiyo isipoandikwa, huficha hasara.

Na uchukuliwe mfano ufuatao. Tarakimu zake ni za zoezi tu. Kila kikundi kiweke tarakimu zake chenyewe.

Fundi mmoja ametunga bangili 60 na mikufu 20. Shanga zilimgharimu Sh. 90,000, na nyuzi, sindano na vifungo Sh. 14,000, jumla Sh. 104,000. Anasafiri na mumewe na binti yake kwa siku 4. Nauli ni Sh. 66,000, chakula na malazi Sh. 54,000, ushuru wa gulio Sh. 3,000, jumla Sh. 123,000. Anauza bangili zote kwa Sh. 3,000 kila moja na mikufu yote kwa Sh. 6,000 kila mmoja. Mapato yake ni Sh. 300,000.

Familia inarudi nyumbani na Sh. 177,000 mkononi. Baba anasema, "Tumepata faida laki moja na elfu sabini na saba." Sehemu yake inatengenezewa paa, nyingine inalipa deni. Mwezi unaofuata fundi anataka kununua shanga, na fedha hazipo.

4. Hesabu ya kweli

Katika Sh. 177,000, kiasi cha Sh. 104,000 hakikuwa faida. Kilikuwa mtaji unaorudi nyumbani, na paa limeula. Kilichobaki ni Sh. 73,000.

Sasa ihesabiwe kazi. Kama bangili moja huchukua saa 2, bangili 60 ni saa 120. Kama mkufu mmoja huchukua saa 5, mikufu 20 ni saa 100. Jumla ni saa 220. Gawanya Sh. 73,000 kwa 220: fundi amelipwa kama Sh. 332 kwa saa. Hapo siku 4 za safari za watu watatu hazijahesabiwa kabisa, wala macho yanayouma kwa kutunga kwenye mwanga wa kibatari.

Jambo hili si la tarakimu tu. Binti aliyefundishwa na mama yake tangu utoto anaiona hesabu hiyo hata kama hakuna aliyeiandika. Akiona kwamba mwezi mzima wa kazi haukununua hata shanga za mwezi unaofuata, ataacha sindano na kwenda mjini kutafuta kazi za ndani. Ufundi utakuwa umekufa kwa kukosa daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

5. Nafasi ya ushirika

Sasa na ichukuliwe kuwa mafundi 10 wa aina hiyo wameungana. Wanachagua wajumbe 2 wa kupeleka mzigo wa wote. Nauli, chakula, malazi na ushuru wa wajumbe ni Sh. 90,000, na posho yao ni Sh. 10,000 kwa kila mmoja kwa siku, yaani Sh. 80,000 kwa siku 4. Jumla ni Sh. 170,000, na kila fundi anabeba Sh. 17,000.

Wanachama wasidanganyike kwamba soko litapokea mzigo mara kumi kwa bei ileile. Tuseme bei imeshuka kwa asilimia 10, na kila fundi amepata Sh. 270,000. Chama kinakata asilimia 10 ya mauzo, yaani Sh. 27,000. Ukitoa hizo, ukatoa Sh. 17,000 za safari na Sh. 104,000 za vifaa, zinabaki Sh. 122,000. Hiyo ni kama Sh. 555 kwa saa, na mafundi 8 kati ya 10 wamebaki nyumbani wakitunga au wakipalilia.

Faida hiyo itadumu kwa masharti. Kila mzigo uandikwe kwa jina la mwenyewe kabla ya kutoka, na mwenyewe atie sahihi au dole gumba. Wajumbe wabadilishwe kwa zamu, ili mtu mmoja asije akawa ndiye mwenye wateja na wenzake wakawa vibarua wake. Stakabadhi zirudi na wajumbe. Fedha ikabidhiwe fundi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi. Shanga zinunuliwe kwa pamoja, ili zipatikane kwa bei ya jumla na rangi zisitofautiane. Kikundi kikikomaa, kimwone Afisa Ushirika wa Wilaya kuhusu kuandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, kuhusu mafunzo ya viwanda vidogo.

6. Safari mbili ndani ya gari moja

Somo hili halikatazi familia kusafiri pamoja. Kumsalimu shangazi ni wajibu, na mtoto anayeuona ulimwengu hujifunza. Linalotakiwa ni kuitambua safari ya undugu na kuilipia kwa mfuko wa nyumba. Nauli ya fundi na mzigo wake iandikwe katika daftari la ushanga. Nauli ya baba, binti na zawadi za ndugu ziandikwe katika matumizi ya nyumba. Binti akifanya kazi ya kuuza, alipwe, hata kama ni kidogo, na malipo yake yaandikwe. Hapo familia itajua kama ushanga unailisha nyumba, au kama nyumba inaula ushanga.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chenu, bangili moja huchukua saa ngapi? Nani amewahi kupima?
2. Fedha za mtaji wa shanga huwekwa wapi baada ya mauzo, na nani ana ruhusa ya kuzigusa?
3. Kama bei ingeshuka kwa asilimia 20 badala ya 10, fundi wa sehemu ya 5 angebakiwa na kiasi gani? (Kumbukeni kwamba makato ya chama nayo yatapungua.)
4. Ni rangi gani zilizorudi bila kununuliwa katika safari iliyopita, na kwa nini?
5. Kila mwanachama aandike safari yake ya mwisho katika kurasa mbili: wa kulia biashara, wa kushoto nyumba. Kurasa hizo ziletwe katika mkutano ujao.