Chai za Kichina: zirudie, lakini zijue

Huenda uliwahi kuletewa zawadi ya majani ya chai kutoka China, ukayapenda, kisha ukarudi kwenye chai ya maziwa na kuyasahau kabatini. Leo tuzirudie chai hizo, kwani ni kinywaji chema kwa anayejua anachokunywa.

Kwanza fahamu kuwa chai halisi zote hutokana na mmea mmoja. Kinachotofautisha ni matengenezo. Chai nyeupe ni machipukizi machanga yaliyonyaushwa na kukaushwa tu. Oolong huachwa igeuke rangi kiasi kwa hewa, ikawa katikati ya chai ya kijani na hii yetu ya rangi. Lapsang Souchong ya milima ya Wuyi hukaushwa kwa moshi wa msonobari. Pu'er ya jimbo la Yunnan huchachuka, na mara nyingi hushindiliwa kama mkate wa duara na kuhifadhiwa miaka mingi.

Waislamu wenzetu wa kabila la Hui, huko Ningxia na Gansu, wana chai iitwayo Hazina Nane. Majani hutiwa katika bakuli lenye kifuniko pamoja na kunazi kavu, zabibu, ufuta na sukari ya mabonge, akakirimiwa mgeni. Mwenye kisukari aiache sukari hiyo.

Unapoandaa, tumia maji safi yaliyochemka. Kwa chai nyeupe na ya kijani, yaache yapoe kidogo ili isiwe chungu. Pu'er isuuze kwa maji ya moto, umwage, ndipo utie ya kunywa. Ukiona ukungu kwenye majani, yatupe.

Zingatia pia haya:

1. Usinywe chai pamoja na chakula. Huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na maharage na mboga za majani. Subiri kama saa moja. Mjamzito, mtoto na mwenye upungufu wa damu wazingatie zaidi.

2. Usinywe ikiwa ya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kuwa vinywaji vilivyozidi nyuzi joto 65 huenda vikasababisha saratani ya umio.

3. Jihadhari na "chai ya Kichina ya kupunguza unene". Nyingi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Uzito unaopungua ni maji, si mafuta, na ukizidisha mwili hupoteza chumvi muhimu kwa moyo. Soma maandishi ya pakiti. Kama huyaelewi, usinywe wala usimpe binti yako.

Surat Al-A'raf, aya ya 31, inatukataza israfu katika kula na kunywa. Vikombe viwili au vitatu vya chai isiyo na sukari vinatosha. Allah atujaalie afya njema. Amin.