Nani Husimamia, Nani Huendesha? Somo juu ya Uongozi wa Maktaba ya Taifa

Utangulizi

Mwaka jana, nilipokuwa nikikusanya data za kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilikwenda katika maktaba moja ya umma kutafuta sarufi ndogo ya lugha ya nkambo wangu. Katika droo ya katalogi niliikuta kadi yake: mwandishi, mwaka, idadi ya kurasa, namba ya rafu. Katika rafu hapakuwa na kitu. Nilimwuliza mzee aliyekuwa zamu siku hiyo, naye akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu: "Mwana yangu, miye minafungulaka mulango na minafungaka. Mambo ya mabuku haiko yangu."

Sikumkasirikia, kwa kuwa alisema kweli. Nilitaka kuandika barua kuuliza kitabu kiliondoka lini na kwa ruhusa ya nani. Nilipoketi kuiandika, sikujua niielekeze kwa nani. Somo hili limetokana na barua hiyo. Linauliza swali moja: katika maktaba ya taifa, nani anawajibika kwa kitabu?

1. Tuanze na maneno

Maneno matatu, maktaba, kitabu na katibu, yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b, wenye maana ya kuandika. Mahali pa maandishi, maandishi yenyewe, na mtu wa kuandika: maktaba yoyote inawahitaji wote watatu.

Kwa kazi ya uongozi, Kiswahili kinatupa vitenzi viwili ambavyo mara nyingi tunavichanganya. Kitenzi -simamia ni -simama katika kauli ya kutendea: kusimama kwa ajili ya jambo, kuliangalia lisiharibike. Kitenzi -endesha ni -enda katika kauli ya kutendesha: kufanya kitu kiende. Anayesimamia halazimiki kushika usukani. Anayeendesha lazima aushike, na tena ajue kwamba kuna mtu anayemwangalia. Nitavitumia vitenzi hivi kwa maana hizo hadi mwisho wa somo.

2. Wanaosimamia: mfano wa Tanzania

Nimechagua Tanzania kwa sababu huko sheria, bodi na maktaba vinaonekana waziwazi, na sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili tunayosoma kitivoni huchapishwa huko.

Tanganyika ilitunga sheria ya bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam lilifunguliwa na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Angalia mpangilio huo: sheria ilitangulia, jengo likafuata. Sheria Namba 6 ya mwaka 1975 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo iko chini ya wizara inayohusika na elimu. Zanzibar ina huduma yake ya maktaba.

Bodi ni chombo cha kusimamia. Wajumbe wake hawapangi vitabu rafuni wala hawaandiki kadi. Kazi yao ni kupitisha sera, kukubali makadirio ya fedha na kuhakikisha kwamba kilichoamuliwa kimetendeka. Fedha zinazotoka serikalini huidhinishwa na Bunge, na hesabu za mashirika ya umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa hiyo anayesimamia naye anasimamiwa.

3. Anayeendesha: mkurugenzi na watu wake

Chini ya bodi yuko mkurugenzi mkuu. Huyu ndiye mwendeshaji. Anaongoza wakutubi, anagawa fedha zilizoidhinishwa na kuangalia maktaba za mikoa. Bodi hiyo ina pia chuo chake huko Bagamoyo kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka, na ndiyo inayowapa wachapishaji namba ya kimataifa ya kitabu, ISBN.

Lakini kazi inayoitofautisha maktaba ya taifa na chumba cha kusomea ni ile ya kupokea nakala kwa sheria. Kila anayechapisha nchini anapaswa kupeleka nakala za chapisho lake zihifadhiwe. Maktaba ya mtaa inanunua kinachopendwa na wasomaji wa leo. Maktaba ya taifa hupokea hata kijitabu ambacho hakitaombwa na mtu kwa miaka arobaini, kwa sababu huenda mwaka wa arobaini na moja akatokea mwanafunzi anayekihitaji.

Tuchukue jambo dogo: kuondoa kitabu kilichochakaa. Panapokuwa na mpango mzuri, bodi ndiyo imepitisha kanuni ya kuondoa. Mkutubi anaandika orodha, mkurugenzi anatia sahihi, kadi inatolewa katika katalogi, na mkaguzi anaweza kuuliza. Kitabu hakiondoki bila kuacha alama. Kadi niliyoikuta mimi ilikuwa imebaki peke yake. Hiyo ilitosha kunionyesha kwamba mnyororo huo ulikatika mahali fulani.

4. Madaraka yakigawanywa: mfano wa Kenya

Mtu anaweza kusema kwamba bodi moja ya taifa iko mbali mno na msomaji wa wilayani. Hoja hiyo ina uzito. Kenya iliunda bodi yake ya maktaba kwa sheria ya mwaka 1965. Baadaye Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Faida yake ni kwamba msomaji anajua mlango wa kubisha karibu na kwake. Ugumu wake ni maswali yanayofuata: mishahara inalipwa na nani, jengo ni mali ya nani, na vitabu vilivyonunuliwa na bodi vinahesabiwa na nani? Kugawa madaraka kunafaa pale kila kazi inapoandikwa jina la mwenye nayo. Bila hivyo, bodi itasema ni kazi ya kaunti, na kaunti itasema ni kazi ya bodi.

5. Na sisi?

Nchi yetu haikosi maandiko ya sheria. Tangu mwaka 1974 tuna sheria ya kuweka nakala za machapisho. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na inaipa Serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Kisha inasema kwamba lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni wa Kongo, na kwamba Serikali inahakikisha ulinzi wake.

Lugha ya nkambo wangu imo katika sentensi hiyo ya mwisho. Lakini urithi haulindwi na sentensi peke yake. Unalindwa na chumba kikavu, rejista, mtu anayelipwa, na mtu mwingine anayemwuliza yule anayelipwa.

Hitimisho

Mzee wa mlangoni alikuwa mwendeshaji wa mwisho aliyebaki. Alifungua na kufunga kwa saa zake. Aliyekosekana ni wa kusimama juu ya kazi yake, na mimi nikabaki na barua isiyo na anwani.

Wenzangu, kila mwaka tunakabidhi kazi zetu, na nyingine zina maneno ambayo hayajaandikwa popote pengine. Siku ya kukabidhi, tuombe risiti, tuangalie jina letu likiingizwa katika rejista, na tuulize nani ana ruhusa ya kulifuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika maktaba unayoitumia, nani husimamia na nani huendesha? Wataje kwa cheo.
2. Kitabu kikipotea, ungeandika barua kwa nani?
3. Katika lugha yako ya nyumbani, je, vitenzi vya "kusimamia" na "kuendesha" vinatofautiana? Toa mifano na uichambue.