Faili Zimejaa Kwenye Flashi? Vidokezo vya Kuchagua Programu ya Maktaba

Umeskani barua za wazee, magazeti ya zamani na picha za magofu ya Kilwa Kisiwani. Sasa droo imejaa flashi, na msomaji akija kuulizia kitu mnaanza kutazamana. Kabla hujamwita muuzaji wa programu, pitia haya.

1. Jua unataka nini. Koha, iliyoanzia New Zealand mwaka 2000, inashughulikia vitabu vya rafuni: nani kaazima, atarudisha lini. DSpace, iliyotolewa na MIT na kampuni ya HP mwaka 2002, inatunza faili zenyewe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro ni miongoni mwa vyuo vyetu vinavyoitumia. Ukisema tu "nataka programu ya maktaba", usishangae ukiletewa isiyo yako.

2. Chomoa intaneti, uone inafanyaje. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu ya Tanzania, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari nazo zikakatika. Programu ambayo kila kitu chake kiko kwenye seva ya ng'ambo ingekuacha mikono mitupu. Msomaji aliyekaa mbele ya kompyuta yako apate kusoma hata mtandao ukiwa umelala.

3. Ipe mtihani wa kwetu. Muuzaji atakuonyesha mifano yake iliyonyooka. Wewe mpe Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1933. Uingize, kisha utafute kwa "Abdulkarim" iliyounganishwa, kwa "Jamaliddin" isiyo na i ya mwisho, na kwa "Majimaji" neno moja. Wasomaji ndivyo watakavyoandika, kila mtu na tahajia yake. Tafuta pia "Kilwa" uone kama unaweza kuchuja Kisiwani, Kivinje na Masoko, maana mwanafunzi anayetafuta habari za Kivinje hana haja na magofu ya kisiwani. Halafu ingiza jina la hati ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi zikigeuka viboksi, au mstari ukianzia kushoto, mshukuru muuzaji na umsindikize mlangoni.

4. Uliza mlango wa kutokea uko wapi. Siku ukitaka kuhama, je, utatoka na faili zako pamoja na maelezo yake yote? Dai yaweze kutolewa kwa mfumo wa Dublin Core, wenye vipengele 15 tu: jina la kazi, mtunzi, tarehe na kadhalika. Mfumo huo unafahamika duniani kote. Jibu likiwa "tutaona", achana na muuzaji huyo.

5. Programu huria ni ya bure, uendeshaji si wa bure. DSpace hulipii leseni, lakini matoleo yake ya karibuni yanataka seva yenye nguvu na fundi anayeielewa. Omeka, nayo programu huria, ni nzuri kwa maonyesho ya picha mtandaoni. Greenstone, nyingine huria ya Chuo Kikuu cha Waikato, inakaa kwenye kompyuta ya kawaida, haidai intaneti, ingawa sura yake ni ya kizamani kidogo. Sura si hoja.

6. Fikiria barua ya uhamisho. Kwetu mtumishi anapangiwa Mtwara leo, Kigoma mwakani, na nywila zinaondoka naye. Wafundishwe angalau wawili, na maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili. Nakala rudufu isikae kwenye jengo lilelile.

Kama una kompyuta moja na umeme wa kubahatisha, mimi ningekushauri uanze na Greenstone. DSpace isubiri mpaka upate seva na fundi wa kudumu.