Maji ya Injini Yanakwenda Wapi?
Kijitabu kwa wenye boti, makapita na mafundi wa Kisangani

Boti inayoondoka Kisangani kwenda Kinshasa ina karibu kilomita 1,700 za mto mbele yake. Ukishapita Yangambi na Isangi, kupata kipuri ni bahati. Injini ikizimika katikati ya mto, boti iliyojaa abiria na mizigo huchukuliwa na mkondo. Usiku inaweza kugonga gogo au kupanda fungu la mchanga, na watu wakafa. Ndiyo maana tunasema wazi kwamba kuongeza maji kila asubuhi si matengenezo. Maji yanayopungua yana mahali yanakokwenda, na mahali hapo pajulikane boti ikiwa bado bandarini.

Tunazungumzia injini kuukuu za dizeli zilizofungwa ndani ya boti, zenye mzunguko wake wa maji ya kupozea, ambayo nayo hupozwa na maji ya mto, nyingi zikiwa zimetoka kwenye malori. Injini zinazoning'inizwa nyuma ya mtumbwi hupozwa na maji ya mto moja kwa moja, kwa hiyo hazihusiki hapa.

Je, kweli yanavuja?

Gugu maji, lile tunaloliita Kongo ya sika, likiziba mdomo wa kuvutia maji ya mto, injini huchemka na kurusha maji yake nje kupitia kifuniko. Kiwango kinashuka ingawa hakuna tundu popote. Mchanga nao hula mapanga ya mpira ya pampu ya mto, na matokeo ni yaleyale. Basi tazama kwanza maji yanayotoka ubavuni mwa boti: yakitoka kwa unyonge, anzia hapo.

Kisha kagua kifuniko. Mpira wake ukikauka, hakishiki tena shinikizo. Kifuniko kizima cha bar 1 huwezesha maji yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukikifungua injini ikiwa moto, maji hayo yatachemka papo hapo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa maji wa juu kwa mkono bila kuungua.

Kulitafuta tundu

Boti ya mbao haikosi maji tumboni, kwa hiyo tone la injini likianguka humo halionekani. Kausha injini yote kwa kitambaa, tandika karatasi ngumu chini yake, jaza maji hadi juu injini ikiwa baridi. Mafundi wengi wa magari mjini wana pampu ya mkono ya kupimia radieta, iazime. Jaza hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, kisha ngoja robo saa. Mshale ukirudi nyuma, maji yanatoka. Kazi hii ifanyike alfajiri kabla ya kuwasha, kwa sababu kuna maungio yanayovuja chuma kikiwa baridi tu, kisha hujibana yakipata joto.

Pitisha kidole chini ya pampu ya maji. Karibu na mhimili kuna kitundu kidogo kilichowekwa kwa makusudi: sili ikichakaa, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani, au mstari wa kutu unaoshuka, sili imekwisha. Wapo wanaokiziba kitundu hicho kwa gundi ya chuma. Tunawaomba waache. Maji yatakula beringi, na pampu itakwama safarini.

Mipira ya maji, duriti, iminywe yote kwa mkono. Uliolainika au kupasuka ubadilishwe. Ukivisha mpira mpya juu ya bomba lenye kutu utavuja tena, kwa hiyo piga msasa kwanza, kisha ndipo ukaze koliye. Kuzungushia mpira wa baiskeli kunafaa kukufikisha ukingoni, basi.

Tundu gumu ni lile la ndani ya kipoza chenye mirija, ambamo maji ya injini na maji ya mto hupita jirani. Mrija ukitoboka, maji ya injini husukumwa upande wa mto na kutoka nayo ubavuni, hutaona tone. Kifungue, ziba matundu ya upande wa injini, sukuma hewa kidogo na ukizamishe kwenye pipa la maji. Penye mapovu ndipo penye kasoro. Mrija mmoja mbovu unaweza kuzibwa ncha zote mbili. Ikioza mingi, nunua kipoza kingine.

Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa maji, moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa: hapo shuku jointi ya kulasi, au kulasi yenyewe kupasuka. Usiwashe tena. Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, na yanaweza kupinda mkono wa pistoni. Kulasi ipimwe kwa rula ya chuma kama haijapinda, jointi iwe mpya, na boliti zikazwe kwa mpangilio na nguvu zilizoandikwa katika kitabu cha injini.

Unachomimina

Usimimine maji baridi ya mto ndani ya injini ya moto, kulasi inaweza kupasuka. Hata ikiwa baridi, maji ya Mto Kongo yana mchanga, na uchachu wa majani ya msituni unaokula chuma. Tumia maji safi ya mvua yaliyochujwa, pamoja na antijeli. Kisangani hatuna barafu, lakini antijeli ina dawa ya kuzuia kutu, na husaidia kuzuia kuta za silinda zisitobolewe na mapovu madogo.

Antijeli ni sumu, na ladha yake ni tamu. Usiiweke kamwe katika chupa ya maji ya kunywa, wala usiimwage mtoni wanakovua watu. Ikae katika chombo chenye alama, mbali na jiko la boti na mikono ya watoto.