Mapambo ya Masisi na Walikale: anza na unachokifuata mpaka shinani

Ukisema Masisi au Walikale, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, kwamba unataka kutengeneza mapambo, hazipiti siku nyingi mtu anakujia na kikaratasi kilichokunjwa: chembe za dhahabu, au kipande cha turmalini ya kijani. Mpokee kwa heshima, lakini usianzie hapo. Fundi anayejitegemea hana mashine wala mtaji wa kushindana na maduka ya Goma. Alicho nacho ni kwamba akiulizwa kila kitu kilichomo katika mkufu wake kimetoka wapi, anajibu bila kubabaika. Kwa nyuzi, mbegu na pembe jibu unalo. Kwa dhahabu ya kwenye kikaratasi, huna.

Tena biashara ya mapambo ya nyuzi huku ni ya zamani. Katika karne ya 19 Watembo, watu wa misitu ya magharibi ya Ziwa Kivu, walisuka vikuku vya nyuzi za mimea, butega, vilivyouzwa mpaka ng'ambo ya ziwa na kutumika kama fedha sokoni. Wanawake wa Rwanda walivivaa miguuni.

Basi anza na nyuzi. Upande wa Walikale kuna mirafia. Chukua kuti changa kabla halijafunguka, moja tu kwa kila mti, maana ukirudia rudia kukata machipukizi, mti unadumaa. Bandua ngozi ya juu ya jani, ianike kivulini, na uilowanishe kidogo kabla ya kusuka ili isikatike. Huku Masisi juu, kwenye baridi, maganda makavu ya mgomba yanatosha.

Mbegu nazo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Zile za kijivu zinazong'aa, za mtasubihi, ambazo watu huzitungia rozari, zina tundu lake la asili. Zichume zikiwa ngumu na zimekwisha kugeuka rangi, chomoa kikonyo kilicho ndani kwa sindano nene, na uzi utapita bila kutoboa chochote. Zikaushe vizuri juani, la sivyo fukusi watakula kazi yako ikiwa bado dukani. Zile ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, nzuri sana machoni, ziache. Sumu yake ni kali, na mbegu iliyotobolewa au kutafunwa na mtoto inaweza kuua.

Pembe ndiyo inayonipendeza zaidi, na Masisi ni nchi ya ng'ombe. Machinjioni pembe mara nyingi hutupwa. Pembe ni ganda lililovaa mfupa, kwa hiyo ichemshe mpaka ganda lilegee, kisha igonge kwenye jiwe mfupa utoke. Fanya hivyo mbali na nyumba, harufu yake haina msamaha. Ncha ni nene na imejaa, hiyo ichongee vidani. Shina lina uwazi, lipasue vibamba. Ukitaka jani, lichore kufuata urefu wa pembe, kwa sababu nyuzi zake zinakwenda huko. Ukikata kwa kukingama, kikonyo cha jani kitavunjika siku ya kwanza. Ukitaka bangili, chemsha kibamba, kipashe juu ya makaa mpaka kilainike, kizungushe kwenye chupa, kifunge kwa kamba na ukiache kipoe hapo hapo. Piga msasa mkavu kwanza huku umefunika pua, kisha msasa laini na maji, mwisho majivu yaliyochekechwa kwenye kitambaa na nta ya nyuki kidogo. Weusi wake utatoka kama kioo.

Kuna vitu ambavyo havina mjadala: pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, meno ya chui, manyoya mekundu ya mkia wa kasuku. Walikale utaletewa, na utaambiwa mnyama alikufa zamani. Sheria ya uwindaji ya 1982 na ile ya uhifadhi ya 2014 zipo, na tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu na kakakuona wamo katika orodha ya juu ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mteja akikamatwa uwanja wa ndege na mkufu wako, jina lako ndilo litakalotajwa.

Kwa waya, nenda kwa fundi wa jenereta ununue shaba ya mota zilizoungua. Ikwangue ile rangi ya juu kwanza. Nyaya za umeme zinazouzwa usiku usiziguse.

Siku ukifika kwenye dhahabu, dai makaratasi: kadi ya mchimbaji, kadi ya negosian (mnunuzi wa kati), hali ya machimbo (kijani, njano au nyekundu), na cheti cha CEEC, ofisi ya serikali inayothibitisha madini. Cheti cha CIRGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, ni cha madini manne tu: bati, koltani, wolframu na dhahabu. Akikuonyesha cheti hicho kwa turmalini, anakuchezea. Na kumbuka Rubaya, mji wa machimbo wa Masisi, uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Aprili 2024. Kila mzigo unaotoka kwenye mashimo yake una mtu mwenye bunduki aliyekwisha kutoza kodi njiani.

Bei iandike kabla mteja hajafika: gharama ya vitu, saa zako za kazi, usafiri mpaka Goma, na faida. Mafundi wengi husahau saa, kisha wanashangaa kwa nini wanauza sana na hawali. Juu ya kila kipande tundika kikaratasi chenye kitu, mahali na mwezi: pembe ya ng'ombe, machinjio ya Masisi, Machi. Mkufu wa mbegu unaokwenda ng'ambo uupitishe kwanza kwa watu wa karantini ya mimea, SQAV, upate cheti. Nchi nyingi mbegu isiyo na karatasi huishia kwenye pipa la forodha, na mteja hatakurudia kukuuliza kilichotokea.