Daktari Kijana Akichoka, Mgonjwa Ndiye Anayeumia

ELIMU KWA UMMA: HUDUMA ZA AFYA



Katika mkutano mmoja wa kijiji niliohudhuria kwa ajili ya kuandaa jarida hili, mzee mmoja alisimama kutoa malalamiko. Alimfikisha binti yake hospitalini saa tisa usiku akiwa na uchungu wa kujifungua, akamkuta daktari kijana akisinzia mezani, kalamu ingali mkononi. "Tunalipa kodi ili watu walale?" aliuliza, na mkutano ukapiga makofi. Mganga Mfawidhi aliposimama kujibu hakumkanusha mzee. Alieleza kwamba daktari yule aliingia kazini asubuhi ya siku iliyotangulia, kwamba mwenzake wa zamu alikuwa katika likizo ya uzazi, na kwamba usiku ule alikwisha kuingia chumba cha upasuaji mara mbili. Watu walinyamaza. Ndipo mama mmoja akauliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya: "Sasa kama alikuwa amechoka hivyo, binti wa watu alikuwa salama?"

Swali hilo lina uzito kuliko malalamiko ya awali, na kila mkazi anayetegemea huduma zetu anastahili kulipatia jibu.

Daktari kijana ni nani?

Tumezoea kumwita "daktari" kila anayevaa koti jeupe. Kwa hakika, katika zahanati nyingi anayekuhudumia ni tabibu au muuguzi. Daktari mwenye shahada husoma chuo kikuu kwa miaka 5. Akihitimu bado haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Hupewa usajili wa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha hupelekwa katika hospitali iliyoidhinishwa kwa mafunzo ya vitendo ya mwaka 1. Katika kipindi hicho huitwa daktari tarajali. Hupita katika idara kuu nne, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake, akifanya kazi chini ya waliomtangulia. Akimaliza vizuri ndipo hupata usajili kamili na leseni.

Wengi wa vijana hawa ndio wanaoajiriwa baadaye katika hospitali za wilaya na vituo vya afya. Tangu mwaka 2017 Serikali imejenga na kukarabati vituo vya afya vingi ili viweze kufanya upasuaji wa dharura kwa wajawazito. Huduma imesogea karibu na mwananchi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini maana yake pia ni kwamba daktari mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au miwili anaweza kujikuta ndiye mkubwa wa kitaaluma katika jengo zima usiku, ilhali daktari bingwa yuko mbali.

Uchovu hauchagui mwenye bidii

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waligundua kuwa aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na baada ya saa 24 hali hiyo hufanana na kiwango cha asilimia 0.10, ambacho katika nchi nyingi kinatosha dereva kushtakiwa. Hakuna abiria anayekubali kupanda basi la dereva wa namna hiyo. Mgonjwa hana nafasi ya kukataa, kwa kuwa hajui daktari wake ameamka tangu lini.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Boston, Marekani. Madaktari wa mwaka wa kwanza waliofanya kazi kwa ratiba ya zamani, yenye zamu ndefu za kukesha, walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya walipofuata ratiba isiyo na zamu hizo. Vijana walikuwa wale wale, hospitali ile ile. Kilichobadilika ni ratiba.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inatambua kuwa dharura ina utaratibu wake. Tatizo ni kwamba katika hospitali yenye upungufu wa watumishi, dharura hugeuka kuwa desturi ya kila siku.

Mapumziko pekee hayatoshi

Mwezi Machi 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alifariki katika hospitali ya New York saa chache baada ya kulazwa. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari wawili waliokuwa bado mafunzoni, wenye wagonjwa wengine wengi. Jopo la mahakama lililochunguza kifo hicho halikumfungulia mtu mashtaka ya jinai. Lilinyooshea kidole mfumo wenyewe: saa nyingi za kazi na usimamizi hafifu wa wakubwa. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo, likataka pia madaktari wazoefu wawepo kuwasimamia vijana.

Uzoefu uliofuata ulileta somo jingine. Zamu zikifupishwa, idadi ya makabidhiano huongezeka, na kila makabidhiano ni nafasi ya taarifa kupotea. Anayetoka anajua kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne hapatani na dawa fulani. Asiposema, anayeingia hana njia ya kujua. Mwaka 2014 utafiti uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Kanada ulionesha kuwa madaktari wa watoto walio mafunzoni walipofundishwa utaratibu maalumu wa kukabidhiana wagonjwa, makosa yalipungua kwa asilimia 23. Utaratibu huo hauhitaji mtambo wowote. Unahitaji karatasi, muda na nidhamu: hali ya mgonjwa, yaliyofanyika, yaliyobaki, na nini kifanyike akibadilika ghafla.

Kwa hiyo daktari kijana anahitaji mambo matatu kwa pamoja: apumzike, awe na mkubwa wa kumuuliza hata kwa simu bila hofu ya kukaripiwa, na apokee na kukabidhi zamu kwa utaratibu. Likikosekana moja, mengine mawili hulegea.

Stahiki zikichelewa

Jambo la nne ni malipo. Mwanzoni mwa mwaka 2012, mvutano ulioanza na madaktari tarajali kudai posho zilizochelewa ulikua hadi kuwa mgomo wa madaktari nchini. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, na dai kubwa lilihusu kupangiwa vituo kwa madaktari tarajali na malipo yao. Haidhuru tunaona nani alikuwa na haki. Katika migomo yote miwili, mwananchi wa kawaida ndiye aliyerudi nyumbani bila tiba.

Nafasi ya mkazi

Idadi ya madaktari wanaoajiriwa na mafunzo ya tarajali hupangwa ngazi ya Taifa. Hata hivyo, yapo mambo yanayoamuliwa hapa hapa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, vituo vya huduma vinapokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao. Mipango ya matumizi hupitia Kamati ya Usimamizi wa Kituo, ambayo ina wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi, na juu yake ipo Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Posho ya kuitwa kazini usiku, ukarabati wa nyumba ya daktari iliyo karibu na kituo, chumba cha kupumzikia chenye kitanda na chandarua, muda wa maongezi wa kumpigia bingwa: hayo yote ni mambo ambayo mjumbe wenu anaweza kuyauliza na kuyasemea.

Mkazi pia anaweza kupunguza mzigo wa usiku. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema na afike kituoni kabla hali haijawa ya hatari. Magonjwa madogo yaanzie zahanati. Na mwenye malalamiko ayapeleke, kwa kuwa ni haki yake, lakini pamoja na kuuliza "kwa nini alisinzia," aulize pia "aliingia kazini saa ngapi, na nani alipaswa kumpokea?"

Binti wa mzee yule alijifungua salama. Katika mkutano huo huo, wananchi waliazimia mjumbe wao aombe ratiba ya zamu ya kila mwezi iwasilishwe katika Kamati. Mzee ndiye aliyeunga mkono wa kwanza.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji au mtaa

1. Je, mnawafahamu wajumbe wenu katika Kamati ya Usimamizi wa Kituo? Mara ya mwisho waliwaletea taarifa lini?
2. Usiku, kituo chenu kina watumishi wangapi wa zamu, na anayeishi mbali zaidi hutumia muda gani kufika?
3. Mtumishi wa zamu akikwama, anampigia nani simu?
4. Ni jambo gani moja mnaloweza kuliingiza katika mpango wa kituo wa mwaka ujao ili anayewahudumia usiku awe na akili timamu?