Mwenye Elimu ni Shahidi: Somo Litokalo Mto Katuma

Mara nyingi mtu aliyeingia Islam karibuni, au yule ambaye bado anaichungua, huuliza swali hili: Je, dini ina neno gani juu ya kazi ya wanasayansi? Mito ikikauka, sumu ikiingia majini, watu wakapatwa na maradhi yasiyojulikana, si hayo ni mambo ya serikali na wataalamu tu? Dini ina nini zaidi ya sala na saumu?

Swali hili ni zuri, na lastahili jibu. Katika somo hili tutalitafuta jibu hilo katika Kurani Tukufu na katika mwenendo wa Mtume Mtukufu (s.a.w.), na mifano yetu tutaichukua kwanza katika Mkoa wa Katavi. Kisha tutavuka bahari hadi Japani, kwa sababu huko maumbile yale yale ya zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huishika kwa mikono yao, yaliwahi kuleta msiba ambao dunia haijausahau. (Msomaji mpya ajue kwamba katika hesabu ya aya tunayoifuata, Bismillahi huhesabiwa kuwa aya ya kwanza ya sura.)

1. NI NANI HAO WENYE ELIMU?

Watu wengi wakisikia neno "ulamaa" huwafikiria masheikh peke yao. Lakini hebu isome Sura Fatir, aya ya 28 na 29. Hapo Mwenyezi Mungu anataja maji yanayoshuka kutoka mawinguni, kisha matunda ya rangi mbalimbali, kisha milima yenye mistari myeupe, myekundu na myeusi, kisha watu na wanyama na mifugo. Baada ya kuyataja hayo yote ndipo anaposema kwamba wanaomcha Yeye miongoni mwa waja Wake ni wale wenye elimu.

Zingatia mpango wa maneno hayo. Maji, mimea, mawe, wanadamu na wanyama: hayo ndiyo mambo yanayochunguzwa na sayansi. Basi ni dhahiri kwamba mtu anayeyachunguza maumbile kwa haki na unyenyekevu anaingia katika sifa hii ya ulamaa. Lakini sifa hiyo ina sharti, nalo ni kumcha Mungu. Elimu isiyo na ucha Mungu ni kama panga kali mkononi mwa mlevi.

Seyidna Ahmad (a.s.), Masihi Aliyeahidiwa, alifundisha kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu haviwezi kupingana, kwani vyote viwili vimetoka kwa Mmoja. Kwa hiyo Mwislamu haogopi uchunguzi wa kweli. Anachokiogopa ni ukweli kufichwa.

2. MTO KATUMA NA HAKI YA JIRANI

Mto Katuma ni uhai wa Katavi. Maji yake hulisha mabonde na maziwa ya Katavi na Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Kisha hujiunga na Mto Kavuu na kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto wa kuyatoa maji yake kwenda baharini. Katika bonde lake, kusini mwa mji wa Mpanda, watu hulima mpunga, kama vile Mwamkulu na Kakese. Mpunga huo ni chakula na ada ya shule, wala hakuna mwenye akili awezaye kuudharau.

Lakini kiangazi kikikomaa, mto hupungua hadi kubaki vidimbwi. Mgeni afikapo Sitalike huwaona viboko wamesongamana katika tope kama mawe yaliyopangwa. Kiboko hawezi kukaa juani mchana kutwa, maana ngozi yake hukauka na kupasuka. Hivyo maji yakipungua hulazimika kubanana, hupigana, na kinyesi chao huyaharibu maji yaliyobaki hata samaki hukosa hewa na kufa. Tena si wanyama tu wapatao shida. Mama wa kijiji cha chini ya mto naye hungoja maji hayo hayo.

Kwa nini mto unapungua? Wengine walisema ni ukame tu. Wengine walisema ni ghadhabu. Kila kundi likalilaumu jingine, mkulima akimtaja mfugaji, na mfugaji akimtaja mkulima. Hapa ndipo ilipohitajika kazi ya mwanasayansi. Mwaka 2010 wataalamu Manase Elisa, Jubilate Gara na Eric Wolanski walichapisha uchunguzi wao juu ya upungufu wa maji katika hifadhi za Tanzania, na hasa katika Mto Katuma na Ziwa Rukwa. Walionyesha kwamba mkono wa mwanadamu umo katika jambo hili: maji kuzuiwa na kuchepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji bila utaratibu, miti kukatwa, na mifugo kulishwa kupita uwezo wa ardhi. Mwaka 2021 Elisa na wenzake walichapisha tena uchunguzi juu ya ardhi chepechepe za mto huo, safari hii wakitafuta njia ya kuuponya.

Sasa, ndugu msomaji, tazama jinsi dini inavyokutana na uchunguzi huo. Miaka elfu moja na mia nne iliyopita, huko Madina, Zubeir (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari walishindana juu ya mfereji wa kumwagilia mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliamua kwamba wa juu amwagilie shamba lake, kisha ayaachilie maji yaende kwa jirani yake. Habari hii imo katika Bukhari. Hukumu yenyewe yaeleweka hata na mtoto: aliye juu ana haki ya kutumia, lakini hana haki ya kuziba.

Vilevile Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitoa mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini, wakiona taabu kupanda juu kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwazuia, wote wataokoka. Bonde la Katuma ni chombo cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba huku tundu laweza kutobolewa na walio juu.

Basi mwanasayansi hupima: ni maji kiasi gani yanapita, yanachukuliwa wapi, na ni kiasi gani lazima kibaki ili mto usife. Dini hueleza nini kifanywe kwa kipimo hicho. Kipimo bila uadilifu hubaki karatasi, na uadilifu bila kipimo hubaki kubahatisha. Sura Rahman, aya ya 8 hadi 10, inaviunganisha vyote viwili inapotaja mizani ambayo Mungu ameiweka, na kutuamrisha tusiipunguze.

3. ZEBAKI, NA DAKTARI ALIYENYAMAZA

Katika Mkoa wa Katavi, kama katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mawe husagwa katika karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, na katika kuchenjua hutumiwa zebaki, ambayo hushikamana na chembe za dhahabu. Kisha donge hilo huchomwa. Zebaki hupaa ikiwa mvuke, na dhahabu hubaki. Kijana anayechoma huona dhahabu, lakini mvuke hauoni. Huuvuta kifuani, na polepole hushambulia mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, akili husahau. Na zebaki inayosombwa na mvua hadi mtoni haipotei. Ndani ya tope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki huingia kwa mlaji, na kwa mtoto aliyemo tumboni mwa mama.

Tumeyajuaje haya? Tumeyajua kwa machozi ya watu wa Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Tangu mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga baharini maji machafu yenye zebaki. Paka wakaanza kuyumba na kuanguka kama waliorukwa na akili. Kisha ikawa zamu ya watoto. Tarehe 1 Mei 1956 Dakta Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, alipeleka habari kwa wakuu wa afya kwamba umezuka ugonjwa usioeleweka wa mishipa ya fahamu. Hapo alifanya wajibu wake. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka huyo akapatwa na ugonjwa ule ule. Hapo daktari aliujua ukweli. Lakini wakubwa wa kampuni waliuzuia uchunguzi huo, matokeo yakafichwa, na daktari akanyamaza.

Kiwanda kikaendelea kumwaga sumu mpaka mwaka 1968. Hesabu mwenyewe: ni miaka tisa. Watoto wangapi walizaliwa katika miaka hiyo, viungo vyao vimepinda, ilhali mama zao walionekana wazima! Mwaka 1970, akiwa mgonjwa wa saratani, Hosokawa alitoa ushahidi wake kitandani hospitalini, akaeleza habari za paka yule. Na baada ya miezi michache akafariki. Mwaka 1973 mahakama iliwapa haki wagonjwa. Ushahidi wa mtu mmoja ulisaidia kuifungua njia iliyokuwa imefungwa. Lakini makaburi hayakufunguka.

Kurani Tukufu inakataza kuficha ushahidi, na inasema kwamba moyo wa anayeuficha una dhambi (2:284). Tena inatuamrisha tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu (4:136). Ikiwa ni hivyo kwa wazazi, itakuwaje kwa mwajiri? Mshahara hununua kazi ya mtu. Haununui ushahidi wake. Mwanasayansi ajuaye kwamba maji yana sumu, kisha akanyamaza, amefanya khiana katika amana aliyopewa na Mungu, hata kama mdomo wake haukusema uongo.

Kwa sababu ya msiba huo mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Minamata mwaka 2013 ili kupunguza matumizi ya zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini mkataba hauchomi dhahabu. Anayechoma ni kijana wa machimboni. Kwa hiyo yampasa mtaalamu amfikie kijana huyo, aseme naye kwa Kiswahili anachokielewa, amwonyeshe chombo kilichofungwa ambacho huunasa mvuke na kuirudisha zebaki, na amweleze kwa nini asichomee jikoni penye watoto. Kumwambia "acha" bila kumwonyesha njia ni kumtwisha mzigo.

4. WAJIBU WA MSIKILIZAJI

Wajibu si wa upande mmoja. Sura Bani Israili, aya ya 37, inatukataza kufuata jambo tusilolijua, na inasema kwamba sikio, jicho na moyo vitaulizwa. Maana yake ni kwamba tusiupokee uvumi kwa kuwa unatupendeza, wala tusiukatae uchunguzi kwa kuwa unatugusa mfuko. Mtume Mtukufu (s.a.w.) mwenyewe, katika habari ya kupandikiza mitende iliyomo katika Sahihi Muslim, aliwaachia wakulima jambo walilokuwa na ujuzi nalo. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, aliuheshimu ujuzi wa mkulima, basi mtaalamu wa leo naye asione haya kumwuliza mzee wa Sitalike mto ulikuwaje zamani, wala mzee asione haya kumsikiliza kijana aliyesoma.

Tena tusingoje wageni watupimie mito yetu siku zote. Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya na Mwislamu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel katika sayansi, mwaka 1979, alianzisha huko Trieste, Italia, mwaka 1964, kituo cha kuwasaidia wanasayansi wa nchi maskini. Aliamini kwamba taifa lisilo na wanasayansi wake hutegemea macho ya wengine. Mtoto wa Mpanda apendaye hesabu na kemia, wazazi wake wasimwambie kuwa hayo si ya dini.

5. MWISHO WA SOMO

Ndugu msomaji, tuliyojifunza ni haya. Kwanza, anayechunguza maumbile kwa kumcha Mungu ni katika wenye elimu. Pili, elimu yake ni ushahidi, na ushahidi haufichwi. Tatu, anayeusikia ushahidi huo ana deni la kuuchunguza na kuutenda. Basi ukiwa na shamba juu ya mto, kumbuka hukumu ya Zubeir kabla hujaziba mfereji. Ukiwa machimboni, mlinde mwanao na moshi ule. Na ukiwa na elimu, sema ungali na afya, wala usingoje kitanda cha mauti.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye manufaa, ndimi zisemazo kweli, na mioyo inayokubali haki. Amin.